Mahali pa Kugeuzia Tempo

Wahenga waliponena kwamba mgeni na aje ili mwenyeji apone, hawakuwa na maana kwamba kila mgeni hubeba mkoba wa dawa. Walitaka kutufundisha kuwa mtu atokaye kwingine huja na macho ambayo mwenyeji hana, na pengine huja na mikono ambayo mwenyeji ameihitaji miaka mingi bila kujijua. Mzee Nhuchhe Lal Maharjan wa mtaa wa Tukanchhe, ukingoni mwa mji wa Lalitpur, hakuyaamini maneno hayo hata kidogo. Kwake yeye, mgeni hakungojewa mpaka siku ya tatu ndipo apewe jembe. Angeonyeshwa njia ya kurudi kwao siku ile ile.

Na kusema kweli, mzee alikuwa na sababu ya kununa. Alipooa, Tukanchhe ilikuwa na nyumba thelathini na nane. Kutoka kihekalu cha Ganesh mpaka kwenye tanuri za matofali, jicho halikukutana na kitu ila mpunga, na baada ya mpunga, maua ya manjano ya haradali. Sasa nyumba zilikuwa zinaota kama uyoga baada ya mvua, ghorofa nne hapa, tano pale, kila baraza na kamba yake ya nguo. Watu walimiminika kutoka Ramechhap, Dolakha, Sindhuli na Sarlahi, na lugha zikachanganyika kisimani. Mzee naye aliyauza mashamba yake moja baada ya jingine, kwa harusi, kwa masomo, kwa tiketi ya mwanawe wa pekee kwenda Qatar. Kati ya saba lilibaki moja tu, pale barabara ya mtaa inapokomea.

Watu waliongezeka mara kumi, lakini usafiri ulibaki ule ule wa nyumba thelathini na nane, yaani miguu. Mikrobasi ziliishia njia panda ya tanuri, mwendo wa zaidi ya nusu saa. Wenye mikrobasi, wakiongozwa na bwana mmoja aliyeitwa Kedar, walikataa kuingia mtaani wakidai kwamba barabara ni nyembamba. Teksi zilikuja kwa wenye harusi na wenye wagonjwa. Wengine wote walitembea, na Nhuchhe Lal alitembea pamoja nao, mzega begani, kikapu kimoja mbele na kingine nyuma, kutoka shambani mpaka sokoni Lagankhel. Hata pale njia panda hakuweza kupanda gari, kwa sababu mikrobasi hazikupokea vikapu.

Siku moja alirudi kutoka kwenye karamu ya ukoo, tumbo limejaa wali na nyama ya nyati, moyo mweupe. Alipoingia uani kwake akasimama kama aliyepigwa na radi. Palikuwa na tempo ya umeme, lile dude la magurudumu matatu lenye viti kumi vya kutazamana, na waya mweusi ulitoka tumboni mwake ukaingia dirishani kwake.

"Asamaya!" alimwita mkewe. "Hiki kidubwana kimeingiaje hapa?"

"Kimeingia kwa lango, mume wangu. Kingepitia wapi, juu ya paa?"

"Nani kakiruhusu?"

"Mimi. Chumba cha chini kimekaa kitupu miaka miwili, panya wanapigia ngoma humo. Nimempangisha dada mmoja wa Ramechhap. Anaitwa Jitmaya Tamang, na hiyo ndiyo kazi yake."

Jitmaya akatokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye viganja vipana na sauti ya chini. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja wa kuendesha tempo, kati ya Lagankhel na upande wa pili wa mji. Aliinamisha kichwa na kuunganisha viganja vyake. "Shikamoo, baba."

Nhuchhe Lal hakuitikia. Alimwekea masharti mengi kuliko ya mganga: asiegeshe penye kuanikia mpunga, asipige honi uani, asiguse ndoo ya kisimani, asilete wenzake. Kila sharti Jitmaya alilijibu, "Sawa, baba," na hiyo "baba" ndiyo iliyomkera mzee kuliko yote.

Kila asubuhi Jitmaya aliondoka na tempo tupu kwenda kuanza kazi Lagankhel. Kila asubuhi alimkuta mzee langoni anajitwisha mzega.

"Baba, weka vikapu humu. Mimi naelekea huko huko."

"Mimi nilikuwa natembea kabla hilo gurudumu lako halijazaliwa."

"Gurudumu ni kongwe kuliko sisi sote, baba," alijibu Jitmaya, pasipo ufidhuli wowote, na Asamaya akageukia ukutani kuficha kicheko.

Mzee alitembea. Lakini wanawake wa mtaani, wale wapangaji waliokuwa wakiwahi viwandani, hospitalini na mashuleni, hawakuwa na kiburi cha kutembea. Jitmaya aliwapakia njiani bila kuwatoza chochote, kwa kuwa kibali chake hakikuwa cha barabara ile. Baada ya mwezi mmoja akapiga moyo konde, akaenda ofisi ya usafirishaji kuomba kibali cha njia mpya, kutoka Tukanchhe mpaka Lagankhel. Afisa alimsikiliza, akatazama ramani, kisha akamuuliza, "Barabara inaitosha tempo, sawa. Utageuzia wapi? Angani? Leta mahali pa kugeuzia, nami nitaandika."

Palikuwa na mahali pamoja tu, napo palikuwa kona ya shamba la Nhuchhe Lal.

Jitmaya alichagua siku ya mwezi mpevu wa mavuno, Asamaya alipokuwa amepika yomari, yale maandazi ya unga wa mchele yenye asali ya miwa tumboni, na nyumba nzima inanukia. Aliketi chini mbele ya mzee, akaeleza haja yake.

"Hata wayo mmoja sitoi," alisema Nhuchhe Lal.

"Ni kona tu, baba. Pale penye mawe, pasipoota kitu."

"Nawajua nyinyi! Leo kona, kesho nusu, keshokutwa ghorofa sita na kamba ya nguo. Mashamba sita yameliwa hivyo hivyo, kona kwa kona. Hili nitazikwa nalo."

Sauti yake ilitetemeka mwishoni, na Jitmaya akaisikia. Hakubishana. Alimaliza yomari yake, akashukuru, akaenda kulala. Asamaya alikusanya sahani, akamwambia mumewe, "Umemnyima kona iliyojaa mawe. Haya, ule hayo mawe."

Haikupita wiki mbili, balaa likabisha hodi. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu umelala juu ya mtaa kama blanketi, na watu wa maji walikuwa wamechimba mtaro wa bomba bila kuweka hata kijiti cha kuonya. Nhuchhe Lal, na mzega wake begani, hakuuona. Alianguka kwa ubavu, koliflawa zikatawanyika matopeni, na bega lake la kulia likateguka. Daktari alilirudisha mahali pake, akalifunga kwa kitambaa hadi shingoni, akamwambia, "Miezi miwili usibebe hata birika la chai."

Miezi miwili! Koliflawa haijui subira. Ikikomaa inataka kukatwa. Ukichelewa wiki moja hufunguka kama mwavuli, ikageuka manjano, na hata nyati huitazama mara mbili kabla ya kula. Shamba zima lilikuwa limekomaa. Asamaya aliweza kukata, lakini goti lake halikuweza kubeba.

Siku ya tatu dalali mmoja wa viwanja alifika na kilo mbili za machungwa. Alimpa mzee pole, akakaa, akanywa chai, akatazama dirishani. "Mzee wangu," alisema kwa sauti ya asali, "shamba bila bega ni mzigo tu. Mnunuzi ninaye. Sema neno moja tu." Jioni mwanawe akapiga simu kutoka Qatar, naye hakuwa na nia mbaya: "Baba, uza upumzike. Unamlimia nani?" Nhuchhe Lal alimjibu, kama alivyomjibu dalali, kwamba atatoa neno lake Jumamosi. Alipokata simu, alikaa akiutazama mkono wake uliofungwa kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Asamaya naye hakungoja Jumamosi. Usiku huo huo alikata shauri, na kulipopambazuka alimwambia mumewe, "Leo koliflawa zinapanda tempo. Ukitaka, njoo. Hutaki, baki uchunge panya."

Mzee alikwenda. Alijiambia kuwa anakwenda kulinda mali yake. Alipakiwa mbele, kando ya Jitmaya. Nyuma yake koliflawa thelathini na tano zilipangwa sakafuni, na vitini, magoti yamekunjwa juu ya mboga, wakaketi wanawake tisa wa mtaani, Asamaya akiwa wa kumi. Tempo iliteleza bila kelele kwenye ukungu. Nyuma walikuwa wanataniana, wakisimuliana habari za mashemeji na za bei ya vitunguu. Mzee aligundua kwamba hakumjua hata mmoja wao kwa jina.

Walipofika njia panda ya tanuri, Kedar alikuwa amesimama katikati ya barabara, kitambaa chekundu shingoni, filimbi mdomoni. Alipuliza.

"Simama! Nimekuonya mara ngapi, we mama? Hii njia ina wenyewe."

"Sijatoza mtu, kaka Kedar," alisema Jitmaya. "Nimewapa lifti majirani."

"Lifti gani ya watu kumi na moja? Kibali kiko wapi?" Kedar aliinama kuchungulia, akamwona mzee, akaachia cheko. "Ala! Mzee Nhuchhe! Si wewe uliyekuwa unalalamika hapa hapa kwamba watu wa kuja wametujaa kama nzige? Leo umepakatwa na mmoja wao?"

Maneno yale yalikuwa yake kweli. Aliyasema mwenyewe, mara nyingi, kwa sauti ya juu. Lakini kuyasikia yakitoka kinywani mwa Kedar kulimwumiza kuliko bega. Na wanawake wote nyuma yake walikuwa wameyasikia.

"Niliyasema," alijibu taratibu. "Na wewe mwaka ule ulipotoka Dolakha na kandambili za mpira, ulikula viazi vyangu kwa mkopo. Nilikuuliza ulikuja kufanya nini?"

Wanawake waliangua kicheko. Kedar akafura, akamwita askari wa barabarani aliyekuwa ng'ambo. Askari alikuja, akauliza, akasikiliza pande zote mbili. Alikuwa mtu mpole, lakini sheria ni msumeno. Tempo haikuwa na kibali cha kupakia abiria wala mzigo barabara ile, basi isiendelee nao. Ama ishushe watu na mboga, ama irudi ilikotoka.

Jitmaya aliinamisha kichwa juu ya usukani. Nhuchhe Lal aliziangalia koliflawa, akaukumbuka mzega ambao hangeweza kuubeba, akaiona Jumamosi inamjia mbio. Basi imekwisha, alijisemea. Dalali atapata neno lake.

Hapo mwanamke mmoja aliteremka. Alikuwa mshonaji kutoka Sarlahi, jina lake Ramrati, mrefu, mwenye shali ya kijani.

"Afande, naomba kuuliza. Mimi nikibeba mboga kwenye shali yangu, ni kosa?"

"Si kosa."

"Na nikipanda mikrobasi ya huyu kaka, nikalipa nauli yangu kama mtu yeyote?"

"Si kosa pia."

"Ahsante." Ramrati alitandaza shali yake. "Baba, nipe nne."

Mzee alimtazama asielewe. Kisha mwingine akafungua mfuko wake wa chakula. "Mimi tatu." Mwalimu mmoja akatoa madaftari yake, akayakumbatia kifuani ili mkoba uwe wazi. "Nami nitamudu tatu." Wakajipanga kama watu wanaopokea sadaka hekaluni, na Asamaya akagawa kwa mikono miwili, akiwanong'oneza mkeka wa mumewe ulipo sokoni.

"Hizo ni mboga za biashara!" Kedar alipiga kelele. "Magari yangu hayabebi mizigo!"

"Mzigo gani?" alisema Ramrati. "Huu ni mchuzi wangu wa leo. Mimi nakula sana, shemeji, hujaniona?"

Askari aligeuka upande wa pili, mabega yakimtikisika. Wanawake walitawanyika kwenye mikrobasi mbalimbali, wawili huku, watatu kule, kila mmoja na jani la kijani likichungulia kwenye mfuko. Jitmaya akaendelea na tempo yake tupu, kwa kuwa tempo tupu haina kosa, na mzee na mkewe wakapanda gari la mwisho wakiwa na koliflawa mbili kwapani.

Huko Lagankhel, Nhuchhe Lal alitandika mkeka mahali pake pa siku zote, akaziweka zile mbili. Zilionekana kama mayatima. Watu walipita, magari yalipita, na shaka ikaanza kumtafuna. Mji ni mkubwa. Wale ni watu wa kupita, kila mmoja na kazi yake. Kwa nini wamtafute mzee ambaye hajawahi hata kuitikia salamu zao?

Ramrati alifika wa kwanza, akashusha nne. Mwalimu akaja mbio, akaweka tatu, akakimbilia darasani. Wakaja wawili kwa pamoja, kisha wanne. Kila mmoja alisema, "Haya, baba, uza vizuri," akaenda zake. Lundo likakua. Jua lilipoufukuza ukungu, zilikuwa zimekosekana tatu tu, na mzee akasema hizo basi zimekwenda, hata yeye angekuwa na haraka zake.

Zaidi ya saa nzima ilipita. Ndipo akaja binti mmoja mwembamba aliyevaa sare ya wasafishaji wa hospitali, anahema, koliflawa tatu amezifunga mgongoni kama mtoto mchanga.

"Nisamehe, baba. Niliogopa kuchelewa kuripoti, ikabidi nikaripoti kwanza ndipo niombe ruhusa. Hazijavunjika, nimeziangalia."

Nhuchhe Lal alizipokea kwa mkono mmoja. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Sunmaya, baba."

"Unakaa wapi?"

Binti alicheka kwa haya. "Nyumba ya tatu kutoka kwako. Mwaka wa nne sasa. Kila siku nakuamkia."

Miaka minne! Mzee alishika koliflawa iliyo kubwa kuliko zote, akaisukuma mikononi mwa Sunmaya, na binti alipotaka kukataa alimkazia macho mpaka akaipokea. Asamaya, aliyekaa kando yake, alijifanya anapanga majani, lakini aliona kwamba mumewe anafuta macho kwa ncha ya kile kitambaa cha bega.

Siku iliyofuata Jitmaya alipokuwa anachomoa waya wa betri, alimkuta mzee langoni. Hakuwa na mzega. Alikuwa amevaa kofia yake ya sherehe, na kwapani alishika karatasi za shamba.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kwa huyo afisa wako. Twende, kabla sijabadili mawazo."

Ofisini afisa alizisoma karatasi, akamtazama mzee kutoka kofia mpaka viatu. "Huyu mama ni wa Ramechhap. Wewe ni wa hapa toka enzi. Ni nani wako?"

"Mimi ni mwenyeji wake," alisema Nhuchhe Lal. "Na kona ninayompa si ya kuuza. Andika hivyo. Ni ya kugeuzia. Siku tempo zikikoma kuja, nitapanda vitunguu saumu."

Jumamosi dalali alipokuja na machungwa mengine, alirudi nayo. Mwanawe alipopiga simu, mzee alimwambia, "Siuzi. Nimepata usafiri." Mwana akauliza ni usafiri gani, na baba yake akamweleza kwa nusu saa nzima, naye kwa kawaida hakuwahi kuzidisha dakika mbili.

Mawe ya ile kona yaliondolewa na wapangaji wenyewe, siku ya mapumziko, huku Asamaya akiwapikia. Kibali kilitoka kabla haradali haijamaliza maua. Siku ya kwanza ya njia mpya zilikuja tempo tano, zote zinaendeshwa na wanawake, na ya Jitmaya ndiyo iliyotangulia. Bega la Nhuchhe Lal lilikuwa limepona, ila mzega hakuurudia tena. Vikapu vyake vilipanda tempo ya alfajiri na kulipiwa nauli kama abiria wengine, maana yeye mwenyewe alikataa katakata kupakiwa bure. Na asubuhi zile ambazo hakuwa na mboga, alisimama pale pa kugeuzia na kuita, "Lagankhel! Lagankhel! Sunmaya, kimbia, kimebaki kiti kimoja!" kwa sauti iliyoweza kuamsha mtaa wa pili.

Hata Kedar alifika siku moja, pole pole, bila filimbi. Watu wengi walikuwa wanateremka njia panda kutoka kwenye tempo na kupanda magari yake kuelekea upande wa pili wa mji, na magari yake hayakuwahi kupata abiria namna ile. Alikohoa, akasema, "Mzee, hizi tempo zenu zisichelewe asubuhi, tafadhali."

"Zenu?" aliuliza Nhuchhe Lal.

"Haya, zetu."

"Ndiyo hivyo. Keti, unywe chai."

Kedar akaketi pembeni mwa shamba la mwisho la Tukanchhe, na koliflawa zilikuwa zimejipanga mpaka kwenye ukuta wa nyumba mpya. Hakuna aliyelisemea shamba lile neno la kuuza tena, na mzee aliyependa sana kuwaonyesha watu njia ya kurudi kwao sasa aliwajua kwa majina watu wa nyumba zote za barabara ile. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.